Njia ya Kwenda Shuleni

Kengele ya shule hulia saa moja na nusu kwa watoto wote. Lakini wote hawaondoki nyumbani pamoja.

Mtoto anayekaa karibu hunywa uji polepole, na hata hugombana na ndugu yake kidogo. Akisikia kengele, hukimbia. Kabla haijanyamaza yumo mstarini.

Mwenzake anakaa mlimani, kilometa 6. Fanyeni hesabu. Mtoto hutembea kilometa 4 hivi kwa saa moja. Basi huyu lazima aondoke saa kumi na mbili kamili. Nchi ya Kivu iko karibu na ikweta, na jua huchomoza karibu na saa hiyo mwaka mzima. Anayekaa mbali kuliko yeye hutangulia jua: hutembea gizani, mara nyingi tumbo tupu, kwa maana moto wa jikoni haujawashwa.

Kwenda na kurudi ni kilometa 12. Kwa siku tano ni 60.

Tena hesabu hii ni ya njia kavu. Mwaka wa shule huanza mwezi wa Septemba, na mvua nazo hurudi wakati huo. Matope huchelewesha miguu. Lakini shida kubwa ni kijito. Asubuhi maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Adhuhuri mvua inanyesha huko juu milimani, wala shuleni halianguki hata tone. Watoto wakirudi wanakuta maji mekundu yamefika magotini. Maji hayo, yakienda kasi, yaweza kumwangusha hata mtoto mkubwa. Wenye akili hutazama jiwe wanalolijua: likifunikwa, hawavuki. Hungoja, ama huzunguka mpaka darajani, hata wakifika nyumbani usiku.

Kando ya ziwa Kivu wengine huvuka ghuba kwa mtumbwi. Upepo ukivuma sana, mtumbwi hubaki ufukoni, na watoto pia. Mjini wengine hupanda pikipiki, wawili au watatu nyuma ya dereva.

Wazazi wa mbali sana humpeleka mtoto akae kwa shangazi au baba mdogo aliye karibu na shule. Njia inakuwa fupi, lakini mtoto humwona mama yake mara moja tu kwa juma.

Mtoto wa mlimani akifika saa mbili, amelowa, wenzake humcheka. Mwalimu anayezijua njia humwuliza kwanza: «Kijito kikoje leo?»