Sarafu Bila Shamba ni Neno Bila Sentensi

Mwezi uliopita nilikuwa Karungu, katika kaunti ya Migori, nikikusanya majina ya kale ya vilima na vijito. Kijana mmoja alinijia, akafungua kiganja na kunionyesha kisahani cha metali chenye tundu katikati na kutu ya kijani. "Mwalimu," akaniuliza, "hii ni elfu ngapi?" Nilipoipangusa niliona taji, mwaka 1911, na maandishi ya Kijerumani yaliyotaja koloni lililokuwa ng'ambo ya mpaka. Ilikuwa heller kumi.

Nami nikamwuliza aliipata wapi. Akacheka. Yeye na wenzake waliazima mashine ya wachimba dhahabu, ile inayolia ipitapo juu ya metali, wakazunguka nayo mashambani hadi upande wa Homa Bay wakitafuta sarafu na masalio ya vita vya wakoloni. Ile heller ilitoka shamba lipi, hakukumbuka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sarafu ile ilipopoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba neno hupata maana katika sentensi. Andika "kaa" peke yake ubaoni, na hakuna mwanafunzi atakayejua kama ni kaa la moto, kaa wa pwani au amri ya kuketi. Sarafu nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa heller ile ililala katika uwanja wa soko la kale, inatusimulia biashara iliyovuka mpaka. Ikiwa ililala penye maganda ya risasi, inatupeleka Septemba 1914, wakati kikosi cha Wajerumani kilipoingia Kisii na kupigana tarehe 12 na askari wa KAR, au keya kama wazee walivyowaita, na wakati meli ya Waingereza, Winifred, ilipokabiliana na Muansa ya Wajerumani hapo hapo Karungu. Na ikiwa ililala chini ya sakafu ya boma lililohamwa, yamkini ilikuwa akiba ya mtu aliyerejea nyumbani kwa miguu. Sarafu ni moja, hadithi ni tatu, na aliyeing'oa bila kuandika mahali ametunyima zote.

Hasara hii si ya wasomi tu. Maafisa wa vita vile waliandika habari zao, na Kapteni Thorneycroft aliyeuawa Kisii yumo vitabuni. Walio nje ya vitabu ni wapagazi wa Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza likawa Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na wala si kwa risasi, na Nyanza ilitoa watu wengi. Hao hawakuacha kumbukumbu za maandishi. Walichoacha ni kifungo, sarafu na ganda la risasi, na baada ya vita, kuanzia 1920, vibweta vya metali vya kutilia kipande, vilivyoning'inizwa shingoni mwa wanaume. Leo twaita kitambulisho "kipande" pasipo kuikumbuka shingo ile. Twasema "hela" pasipo kumkumbuka Mjerumani aliyetuletea heller. Lugha imehifadhi maneno, ilhali vitu vyenyewe vimehifadhiwa na udongo, na udongo huo ndio unaochakurwa sasa.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya mwaka 2006 kuhusu Makavazi ya Kitaifa na turathi yahesabu kuwa kifaa cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Huo ndio mwaka Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, ambayo Nyanza yenyewe haikuwamo hadi ilipohamishwa kutoka Uganda mwaka 1902. Ni kana kwamba historia yetu inayostahili ulinzi ilikoma siku bendera ya mgeni ilipopandishwa! Waziri ana uwezo wa kutangaza kwamba kitu au mahali pa baadaye palindwe, lakini lisipotangazwa lolote, heller ya 1911 haina mtetezi.

Najua nitaambiwa kwamba turathi hazijazi sufuria, nami sithubutu kumwita kijana yule mwizi. Lakini hata kwa hesabu ya soko amepunjwa. Heller zilifuliwa kwa wingi na wakusanyaji wanazo. Kilichokuwa cha pekee ni shamba lile. Katika kaunti hiyo hiyo ipo Thimlich Ohinga, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018. Mawe yake yangeuzwa moja moja yangekuwa kokoto. Thamani yake ni namna yalivyopangwa na mahali yalipo.

Basi napendekeza mambo mawili. Kwanza, waziri atumie uwezo alio nao, na serikali za Migori na Homa Bay zimsukume, ili mahali palipopiganiwa vita pajulikane na kulindwa. Pili, kila shule ya eneo hili iwe na daftari. Mwanafunzi akiletewa kitu kilichofukuliwa, aandike siku, shamba, kina cha shimo, kilichokuwa kando yake, na asemayo mzee wa boma hilo. Kisha mwalimu awapashe habari watu wa Makavazi. Kitu kinachofanana na risasi nzima au bomu kisiguswe, bali polisi waitwe.

Kijana yule nilimrudishia sarafu yake. Kesho yake tulitembea pamoja kulitafuta shamba. Alisimama penye njia panda, akaonyesha upande mmoja, kisha wa pili, akatikisa kichwa.