Kabla ya kulipa, pima thairista

Mpunga wa Usangu ukianza kuvunwa, mwenye kinu hana muda wa kusikiliza habari za elektroniki. Stata ya mota ikikataa, hutafuta kipuri, hulipa, hufunga na kuomba Mungu. Fedha nyingi hupotea hapo, kwa kuwa kipuri kinachoitwa thairista hakionyeshi ugonjwa wake kwa macho. Nzima na iliyokufa hufanana kama mapacha.

Makala hii inawahusu wenye vinu vya Mbarali, wapasua mbao wa Mafinga, na wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa wanaonunua mitambo iliyotumika ili kuiuza.

Thairista ni swichi ya silikoni isiyo na sehemu inayotembea. Kampuni ya General Electric ya Marekani iliitengeneza mwaka 1957. Ina ncha tatu: anodi, kathodi na geti. Geti likipewa umeme kidogo, thairista hupitisha mkondo mkubwa, na haiachi mpaka mkondo huo ushuke karibu na sifuri.

Kazi zake ni kubwa. Jirani zetu wa Msumbiji wamezitumia tangu mwaka 1977 kusafirisha umeme wa Cahora Bassa hadi Afrika Kusini, umbali wa kilometa 1,420. Katika mitambo ya namna hiyo hupangwa nyingi mfululizo pamoja na za akiba, hivyo moja ikifa kazi haisimami. Mwenye kinu hana bahati hiyo. Stata yake ya kielektroniki ya fezi tatu kwa kawaida ina thairista sita, mbili kila fezi, na akiba hakuna.

Thairista ikifa, mara nyingi hupiga shoti. Mota huanza kwa kishindo au hunguruma na kupata moto mpaka iungue. Hatari nyingine ni kwamba mota inaweza kusimama huku waya wake ungali na umeme. Fundi anayeamini kitufe cha kuzimia badala ya swichi kuu anacheza na roho yake.

Je, itapimwaje? Kwanza, umeme ukatwe kwenye swichi kuu, na nyaya za thairista zifunguliwe. Ikipimwa ndani ya mtambo, vipuri vilivyoungwa sambamba nayo hudanganya mita.

Hatua ya pili ni multimita. Kati ya anodi na kathodi ukinzani uwe mkubwa sana pande zote mbili. Ukisomeka karibu na sifuri, hiyo imekufa. Kati ya geti na kathodi, thairista kubwa husoma omu chache hadi makumi kadhaa. Geti lisilosoma kitu limekatika. Angalizo: zile kubwa za umbo la kisahani zibanwe kwanza kwa nguvu iliyoelekezwa na mtengenezaji. Zisipobanwa, hata nzima inaweza kuonekana mbovu.

Tatu ni betri ya gari ya volti 12 na balbu ya breki ya wati 21. Balbu iungwe mfululizo na thairista, chanya upande wa anodi. Isiwake. Geti likiguswa na chanya kupitia rezista ya omu 100 hivi, iwake, na ibaki inawaka geti likiachwa. Balbu ndogo isitumike, kwani mkondo wake huenda usitoshe kuishikilia thairista kubwa, na muuzaji akalaumiwa bure.

Wengi huishia hapo na kufungua pochi. Hilo ni kosa. Multimita hupima kwa volti chache tu, ilhali laini ya volti 400 hufikia takriban volti 566 kwenye kilele. Kipo kipuri kinachofaulu majaribio yote hayo kisha kikavuja kikikutana na umeme halisi. Dawa yake ni mega ya volti 500 au 1,000, isiyozidi volti zilizoandikwa kwenye kipuri, kadi ya elektroniki ikiwa imetenganishwa. Zipimwe zote sita. Inayosoma chini sana kuliko wenzake iwekwe kando. Kwa laini ya volti 400, tafuta iliyoandikwa volti 1,200 au zaidi.

Kwa hesabu ya biashara, upimaji huu humchukua fundi mzoefu muda mfupi. Kinu kikisimama msimu wa mavuno, wateja huhamishia magunia yao kwa jirani, na pengine hawarudi. Ongeza gharama ya kusuka mota upya.

Mnunuzi adai kipuri kipimwe mbele yake na risiti itaje namba yake. Muuzaji naye anunue mega: mteja aliyeona sindano ikitulia habishani sana juu ya bei. Anayekataa kupima amekwishajibu swali, na mbuzi wake abaki naye ndani ya gunia.