ASIYETEMBEA NAYE AENDA MAWINDONI

Mahali pengi duniani kuwinda huhesabiwa kuwa kazi ya wenye miguu mepesi. Mtu husifiwa kwa kukimbia, kwa kuvumilia jua, kwa kupanda mlima bila kuhema. Basi mzee aliyepooza upande mmoja, au kijana aliyevunjika uti wa mgongo, au mtoto ambaye hajashika bunduki hata siku moja, hao hubaki nyumbani pamoja na kuku, wenzao wanapotoka alfajiri. Lakini huko Texas, katika kusini ya Marekani, imeenea desturi ya kuwachukua watu hao hao na kuwapeleka mawindoni, ndani ya ranchi za wanyama wa porini. Habari hizi zafaa kusomwa hata na jamaa wasio na bunduki wala ranchi, kwa kuwa nyumba isiyo na mtoto wala ndugu asiyejiweza ni nyumba adimu.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Texas ni jimbo moja tu la Marekani, lakini ukubwa wake ni karibu robo tatu ya Tanzania nzima. Karibu sehemu 95 katika kila 100 za ardhi yake ni mali ya watu binafsi. Kwa hiyo mtu apendaye kuwinda hana budi kumwendea mwenye ardhi na kupatana naye bei. Wanyama wa asili, hata wakiwa ndani ya shamba la mtu, kwa sheria ni mali ya watu wote. Ndiyo sababu lazima mwindaji awe na leseni ya serikali na kufuata msimu.

Mnyama mkuu wa huko ni wa jamii ya kulungu, mwenye mkia ambao chini yake ni mweupe kama pamba. Akishtuka huuinua juu, na huo weupe ndio unaoonekana ukipotelea vichakani. Dume lake lina pembe zenye matawi kama mti mkavu. Pembe hizo huanguka kila mwaka, kisha nyingine huota. Ni ajabu, maana mbuzi wetu na swala wetu pembe zao ni za maisha.

Tena wako wageni. Katika miaka ya 1930 waliletwa wanyama wa India, na baadaye wengine wengi kutoka Afrika. Msomaji atashangaa kusikia ya kwamba choroa wa Sahara, yule mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma kama upanga, alitangazwa mwaka 2000 kuwa ametoweka kabisa porini, na wakati huo huo makundi yake yalikuwa yakila majani katika ranchi za Texas! Tangu mwaka 2016 wengine waliofugwa, wengi wao kutoka Abu Dhabi, wamerudishwa katika nchi ya Chad.

Sasa, kwa nini asiyejiweza apelekwe ranchi na si porini tu? Kwa sababu ranchi ina barabara. Gari hufika mpaka mahali pa kungojea. Isitoshe, sheria ya Texas yamruhusu mtu kuwinda akiwa ndani ya gari, mradi gari liwe ndani ya shamba la mtu binafsi, wala asielekeze bunduki kwenye barabara ya watu wote. Kwa mtu mwenye miguu hilo ni jambo dogo, na wengine huliita uvivu. Kwa asiye na miguu ni mlango uliofunguliwa.

Mahali pa kungojea panafanana sana na dungu letu la kulindia mpunga na ndege. Ni kijumba cha mbao chenye madirisha madogo, mara nyingi kimeinuliwa juu ya nguzo. Kwa ajili ya mwenye kiti cha magurudumu dungu hujengwa chini, mlango wake ukawa mpana, na mbele yake ukatengenezwa mteremko wa mbao badala ya ngazi. Mbele ya dungu, umbali wa hatua themanini hivi au mia, huwekwa pipa la mahindi lenye mtambo wa saa. Asubuhi na jioni mtambo huzunguka na kuyarusha mahindi chini, na wanyama wa mahali pale huijua saa hiyo kama watoto wanavyojua saa ya uji. Najua akina mama wengi watauliza ni nchi gani hiyo inayowatupia wanyama mahindi. Ndivyo ilivyo huko.

SWALI LA KWANZA

Wanaofanya kazi hii kwa moyo huanza na swali moja, na swali hilo huulizwa yule mgonjwa mwenyewe, si mkewe wala kaka yake: "Je, wataka kwenda?" Ni rahisi mno kumpangia mlemavu mambo juu ya kichwa chake. Ndugu hukaa barazani wakashauriana, wakaamua, wakambeba. Mtu aliyekuwa mwindaji kabla ya ajali pengine anaitamani siku hiyo kuliko chakula. Pengine pia harufu ya baruti itamwumiza moyo kwa kumkumbusha alivyokuwa. Hakuna ajuaye ila yeye.

Akikubali, yako mambo ya mwili ya kuangaliwa, na hapa mapenzi matupu hayatoshi. Mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi hasikii kidonda kinapoanza. Akikalishwa saa tatu juu ya ubao mgumu, ngozi ya matako huanza kuharibika, na kidonda cha namna hiyo chaweza kuchukua miezi kupona, hata kumwua mtu. Kwa hiyo lazima awe na mto mzuri chini yake, na kila baada ya dakika chache aegemee upande au ainuliwe kidogo. Baridi vile vile haisikii. Katika asubuhi za Novemba na Desemba huko Texas huweza kuwa na barafu, naye hujiona mzima kumbe miguu yake inaganda; na akiwekewa jiko karibu, aweza kuungua asijue. Maji ya kunywa yawepo. Habari ya haja ndogo na kubwa ipangwe mapema, kwa siri na heshima, maana wengi hukataa safari kwa ajili ya aibu hiyo moja, wala hawaisemi.

Halafu yako mishtuko ya misuli. Mkono wa mtu aliyepooza huweza kuruka wenyewe bila kukusudia. Basi kizuizi cha usalama cha bunduki hakifunguliwi, wala kidole hakigusi kifyatulio, mpaka mnyama amesimama na amelengwa.

Vyombo vya kumsaidia ni vingi. Bunduki hufungwa juu ya stendi ya miguu mitatu, au juu ya mkono wa chuma uliofungwa kwenye kiti, hata asihitaji kubeba uzito wake. Asiye na nguvu za mikono kabisa huwekewa mrija mdomoni: huisogeza bunduki kwa kifaa cha umeme, hutazama shabaha katika kioo kidogo, kisha huvuta pumzi katika mrija na risasi hutoka. Hata vipofu hawakusahauliwa. Mwaka 2007 Texas iliweka sheria ya kumruhusu kipofu kutumia mwanga wa leza kwa kulengea, akiwa na mwenzake mwenye macho. Mwenzake hukaa nyuma ya bega lake, hutazama mwanga unapotua, na kunong'ona: kushoto kidogo, juu, simama hapo. Kisha kipofu mwenyewe huamua kufyatua au kuacha.

Na hapa ndipo palipo na mtego kwa yule ndugu mwenye afya. Dakika zinapita, mnyama yuko karibu kuondoka, mgonjwa bado anahangaika na mrija wake. Mkono wa ndugu huwasha kutaka kumsaidia. Akiichukua bunduki na kupiga yeye, amemleta mwenzake kutazama sinema. Heri mnyama aende zake. Kwangu mimi, mtu asiyeweza kumwacha mnyama mzuri aende zake hafai kumsindikiza mlemavu, ajapokuwa na shabaha namna gani.

MTOTO NA BUNDUKI

Kwa mtoto au kijana mwanafunzi mambo ni mengine, kwa kuwa yeye ana nguvu ila hana akili ya jambo hilo. Sheria ya Texas yasema kwamba kila aliyezaliwa tangu tarehe 2 Septemba 1971 lazima apate mafunzo ya uwindaji. Wenye miaka 9 hata 16 ama wapate mafunzo hayo, ama wasindikizwe na mtu mzima mwenye leseni. Walio chini ya miaka 9 lazima wasindikizwe. Na kusindikizwa maana yake ni kuwa karibu, mahali pa kusikia sauti ya kawaida, si kumwacha mtoto dunguni na mzee kwenda kulala garini. Tangu mwaka 1996 uko pia mpango maalum wa vijana, ulioanzishwa na idara ya wanyama ya jimbo pamoja na chama cha wenye mashamba, ambao hao wenye mashamba huwafungulia vijana milango ya seng'enge. Tena kila mwaka, kabla ya msimu wa wote kufunguliwa mwanzoni mwa Novemba, hutengwa siku za vijana peke yao, wakati wanyama hawajaanza kutishwa na milio ya bunduki.

Kosa linalofanywa sana na akina baba ni kumpa mtoto bunduki yao wenyewe. Kitako chake ni kirefu, uzito wake ni mwingi, na ikilia humpiga bega hata akaanguka. Mtoto aliyepigwa hivyo mara moja, mara ya pili hufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo haimtoki upesi. Apewe bunduki fupi, ya risasi ndogo isiyoruka sana, na masikio yake yazibwe. Afundishwe kwanza kwa shabaha ya karatasi siku nyingi. Ajue kwamba kila bunduki ina risasi mpaka amehakikisha kwa macho yake kwamba haina. Mtutu usimwelekee mtu kamwe. Na kabla ya kupiga atazame kilicho nyuma ya mnyama, kwani risasi haisimami pale mtu alipotaka isimame.

Dunguni ni kazi ya kungoja. Mtoto hujikuna, huuliza saa, hutaka kula. Mzee mwenye busara humpa darubini na kumwonyesha ndege. Wanyama majike hutoka kwanza, dume hubaki kichakani akinusa upepo. Akitoka, mtoto hutetemeka mwili mzima, hata watu wazima hutetemeka. Hapo husubiriwa mnyama asimame ubavu, na shabaha huwekwa nyuma kidogo ya bega, mahali pa moyo na mapafu. Akisimama vingine, hapigwi.

Akipigwa vibaya, hapo ndipo mtu anapopimwa. Kumfuata papo hapo ni kumkimbiza mbali zaidi. Hungojewa nusu saa au zaidi, kisha hufuatwa damu polepole, jani kwa jani, hata usiku kwa taa. Mtoto lazima awepo, hata akilia. Mwenye kiti naye afuate kwa gari kadiri njia inavyoruhusu, na aulizwe yeye kama watafuta bado au la, kwa maana mnyama ni wake.

Huko Marekani kwenyewe wako wengi wanaosema kwamba kupiga mnyama aliyezungukwa na wavu wa mita mbili na nusu si kuwinda, ni kuchinja. Nadhani maneno hayo yana kweli nusu. Ranchi nyingine ni maelfu ya ekari, na mnyama aweza kuishi mpaka uzee asionwe na mtu. Nyingine ni zizi tu, dume amefugwa kwa chupa na kukuzwa pembe, mteja hulipa maelfu ya dola kwa kuhesabu matawi yake, akapiga na kupigwa picha. Kumpeleka mlemavu mahali pa namna hiyo ni kumdhihaki, kama kumwambia kwamba mambo ya kweli si yake. Ndugu anayetafuta ranchi aulize ukubwa wake, aulize pia kama yawezekana kurudi mikono mitupu. Wakimwambia haiwezekani, atafute kwingine.

Wasomaji wetu wasichukue habari hizi kama ruhusa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kuwinda bila leseni ni kosa linalofunga watu, awe mzima au kilema.

Mnyama akiisha kupatikana, kazi ya kuchuna na kukata hugawanywa. Hapa pia mlemavu asiwekwe kando na kupewa soda. Mwenye mikono mizima hukata nyama akiwa kwenye kiti chake, meza ikashushwa; asiye na mikono hutaja nani apewe paja na nani ubavu. Wengine huzitoa nyama zao kwa maskini kwa njia ya vyama vya kugawa chakula. Kwa mtoto iko desturi ya zamani, iliyotoka Ulaya, ya kumpaka usoni damu ya mnyama wake wa kwanza. Watoto wengine huifurahia na kukataa kunawa mpaka kesho yake. Wengine huchukizwa, nao wazee wenye akili huwauliza kwanza, na akikataa humpa maji na sabuni, wakaanza kuwasha moto wa nyama.