Ukitaka Kuijua Ijara, Keti Kwenye Sinia

Mji haujulikani kwa kutazama majumba yake tu. Hujulikana pia kwa kuonja. Katika mji wa kale wa Kraków, nchini Poland, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, wageni huongozwa kwa miguu kutoka duka hadi duka. Hapa huonja obwarzanek, mkate wa duara wenye tundu katikati unaouzwa njiani. Pale huonja pierogi, unga uliokunjwa mfano wa sambusa, ila huchemshwa. Mwislamu atauliza kwanza kilichomo ndani, kwani nguruwe huliwa sana huko. Akihakikishiwa ni viazi na jibini, atapiga bismillahi na kula.

Je, mgeni akitufikia Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, tutampitisha wapi? Watu wengi wa pwani hudhani kwamba kaskazini ya Lamu hakuna ila msitu, vumbi na mifugo. Basi twende, ndugu msomaji, tutembee pamoja katika mji wa Masalani, karibu na Mto Tana, tuone kama dhana hiyo ina ukweli.

Asubuhi tuanze na anjera. Unga hukorogwa jioni, ukaachwa uumuke usiku kucha. Kukicha humiminwa kwenye kaango la moto na kuzungushwa kwa mgongo wa upawa mpaka ufanye duara ndani ya duara. Huliwa kwa samli na sukari, pamoja na chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini. Mtu wa Lamu akiionja atakumbuka vibibi vya nyumbani kwao. Na akitajiwa mkate uitwao muufo na Wasomali wa Barawa na Mogadishu, atacheka, kwani yeye anao mkate wa mofa. Majina hayo hayakufanana kwa bahati. Yamesafiri kwa majahazi na kwa misafara, pamoja na sambusa, bajia na halwa.

Tukitoka hapo tuwaendee akina mama wauza maziwa. Kabla ya maziwa kutiwa chomboni, chombo hufukizwa kwa vijinga vya miti maalumu. Moshi huo huyapa maziwa harufu yake na kuyakawiza kuharibika. Maziwa ya ngamia yaliyochachuka huitwa susa, na asiyeyazoea hukunja uso kwa funda la kwanza. Akifika la tatu, huomba aongezewe.

Adhuhuri huletwa sinia ya wali na nyama ya mbuzi, na pembeni ndizi mbivu. Usiitenge ndizi ukidhani ni ya baadaye! Hukatwa ikaliwa pamoja na wali, tonge moja. Shibe hiyo ina maana yake: nyama ni ya mfugaji, ndizi hustawi katika mashamba ya kando ya mto, na mchele umetoka mbali kwa biashara. Sinia moja imekusanya riziki tatu.

Jioni, nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande vidogo, ikakaushwa juani, ikakaangwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake. Hukaa miezi kadhaa bila kuoza. Hiki ni chakula cha mtu anayehama na mifugo, asiyejua kesho atalala wapi. Mwisho wa yote ni buni: punje nzima za kahawa zilizokaangwa kwa samli. Mgeni hutafuna punje, na mafuta yake akajipaka mikononi na kichwani. Sisi wa pwani, tuliolelewa kwa kahawa chungu ya vikombe vidogo, tumezoea kuinywa kahawa, hapa huliwa.

Lakini matembezi haya si ya kujifurahisha tu. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo mingi ikafa kaskazini mwa Kenya. Mnyama akifa hafi peke yake. Maziwa hukauka, samli huadimika, na binti aliyetarajiwa kufundishwa na bibi yake kufukiza chombo hukosa cha kufundishiwa. Ukame hupita, lakini ujuzi uliokatika haurudi na mvua. Dukani nako kuna soda na biskuti, wala hazihitaji kufundishwa.

Kenya si ngeni katika kazi hii. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitambua juhudi ya nchi yetu ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa. Yafaa basi wafugaji nao wasisahauliwe.

Atakayemwongoza mgeni na awe mtoto wa mahali hapo, anayewajua wapishi na kuwaita mama na shangazi. Aombe ruhusa kabla ya mgeni kutoa kamera. Na ada inayotozwa isiishie mfukoni mwake. Impate pia mama aliyeamka alfajiri kupika anjera na aliyekamua maziwa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni akiondoka Masalani ameshiba, na wenyeji hawakupata kitu, hapo aliyepona ni nani?