Paka Si wa Kukamata Panya Tu

Katika nyumba zetu nyingi paka huletwa kwa sababu moja tu, nayo ni panya. Panya wakizidi darini, mama anamtuma mtoto kwa jirani akaombe kapaka. Panya wakipungua, paka anasahauliwa. Hapewi chakula, anapigwa teke jikoni, na akizaa, watoto wake wanatiwa mfukoni na kutupwa jalalani. Kisha mama akishika mimba anasikia kisimani kwamba paka huharibu mimba, basi mnyama anafukuzwa siku hiyo hiyo. Sisi ambao kazi yetu ni kuhudumia wagonjwa, na jioni huwatembelea wazee wa usharika, tunaona paka anastahili kufikiriwa upya.

Tuanze na hao panya, maana hapo ndipo urafiki wenyewe ulipoanzia. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kipro, kile alikotoka Barnaba wa kitabu cha Matendo, walikuta paka amezikwa kando ya mtu miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Binadamu alipoanza kuweka nafaka ghalani, nafaka ilileta panya, na panya wakamleta paka. Kazi hiyo haijaisha. Panya hali mahindi tu, anayakojolea pia, na mkojo wake unaweza kubeba vijidudu vya leptospira. Mwezi Julai 2022 watu 20 waliugua wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi, na 3 kati yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha ni ugonjwa huo, ambao siku hizi wengi wanaujua kama homa ya mgunda. Panya ni miongoni mwa wanyama wanaoueneza.

Hata hivyo tusimsifu paka kupita kiasi. Watafiti waliochunguza maboma ya vijijini nchini Eswatini, na kutoa matokeo yao mwaka 2017, waliona kwamba paka peke yake au mbwa peke yake hakuleta tofauti kubwa. Palipokuwa na wote wawili ndipo panya walipopungua kuzunguka, si kwa kuliwa sana bali kwa hofu ya kutoka kutafuta chakula. Kwa hiyo paka ni msaidizi. Maharage bado yafunikwe, mtungi wa maji uwe na kifuniko, na vyombo visilale na makombo.

Lakini ukituuliza tuchague kati ya paka na sumu ya panya katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, hatusiti. Sumu huchanganywa na dagaa au tonge la ugali na kusukumwa chini ya kitanda, na hapo ndipo mtoto anapotambaa. Tena paka akimla panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa, mama akabaki na panya na bila paka.

Mahali pamoja tunatahadharisha kwa nguvu. Katika maeneo yaliyowahi kupata tauni, kama Lushoto ambako ugonjwa huo ulisumbua kwa zaidi ya miaka 20 tangu 1980, paka anaweza kuupata kwa kula panya mgonjwa, na akamwambukiza mtu. Huko, ukiona panya wanakufa ovyo, usiwaguse. Toa taarifa kituo cha afya upesi.

Sasa tuje kwenye faida ambayo wengi hatuitaji. Florence Nightingale, mama wa uuguzi wa kisasa, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba mnyama mdogo anaweza kuwa mwenzi mwema wa mgonjwa, hasa aliyelala muda mrefu. Mwenyewe alifuga paka wengi, na mmoja alimpa jina la Bismarck! Wataalamu wa leo wamelipima jambo hilo. Katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Washington, Marekani, wanafunzi 249 walishiriki utafiti uliotolewa mwaka 2019. Wale waliowapapasa paka na mbwa kwa dakika 10 walipimwa mate yao, ikaonekana kiwango cha kotisoli, ile homoni inayopanda mtu akiwa na mfadhaiko, kimeshuka. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2009, uliwafuatilia watu 4,435 kwa miaka 20. Waliowahi kufuga paka walikufa kwa shambulio la moyo mara chache kuliko ambao hawakuwahi. Watafiti hawakusema paka ndiye aliyewaponya, na sisi hatusemi. Pengine wanaofuga paka ni watu watulivu tangu mwanzo.

Tunamtembelea mjane mmoja mwenye presha, ambaye watoto wake wote wako mjini. Zamani tulimkuta siku nyingi hajala kitu ila chai ya rangi, na dawa zake hazijaguswa. Anasema, "Nimpikie nani, wanangu?" Kisha wakati wa masika kapaka kaliingia kwake kimelowa, akakikausha kwa kanga. Sasa asubuhi lazima aamke, maana paka analia mlangoni akidai dagaa. Akiwasha moto kwa ajili ya paka anapika na uji wake, na dawa anameza saa hiyo hiyo. Presha inashushwa na dawa, siyo na paka, lakini aliyemwinua kitandani ni paka.

Shida ni kwamba paka yule ni mweusi tititi. Majirani walianza kunong'ona, na vijana wakamtupia mawe. Kwa mwanamke mzee anayeishi peke yake, manong'ono ya namna hiyo si mchezo, kwani tunajua vikongwe waliouawa katika nchi yetu kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa kuni. Mwinjilisti wetu alikwenda mchana kweupe, akaketi barazani kwa bibi, paka miguuni pake, akanywa chai hadi wapita njia wote wakamwona. Manong'ono yamepungua, ingawa hayajaisha.

Na mimba je? Hofu hiyo ina chembe ya ukweli. Paka akila panya au nyama mbichi anaweza kupata vimelea vya toksoplazma, akavitoa katika kinyesi kwa wiki 1 hadi 3. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mimba inaweza kutoka, au mtoto akadhurika macho na ubongo. Wenye virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka nao wako hatarini. Ila kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo, huchukua siku 1 hadi 5. Basi kisafishwe kila siku, na asisafishe mjamzito; baba anaweza, hatavunjika mkono. Mama anawe mikono kwa sabuni akitoka bustanini, aoshe mchicha vizuri, na asile nyama isiyoiva, maana wengi huambukizwa kwa njia hiyo bila kugusa paka. Kumfukuza paka hakuivishi mishikaki.

Mtoto mwenye pumu ambaye kifua hubana kila paka akiingia, paka huyo alale nje. Choa nacho huambukizwa, kwa hiyo paka mwenye mabaka yasiyo na manyoya asibebwe na watoto. Na paka yeyote aking'ata au kukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa hakichagui mbwa tu, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Paka achanjwe akifikisha miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mwulize afisa mifugo wa kata yako. Siku ya kumpeleka mtie ndani ya kikapu chenye mfuniko na kitambaa alichozoea kulalia, maana paka aliyebebwa mkononi akisikia pikipiki atakukwaruza wewe kwanza.