Mateka aliyezama ndani ya nyambizi ya adui

Ukisimama ufukweni Diani au Msambweni, ukatazama ngalawa zikirudi na samaki, ni vigumu kuamini kwamba bahari hii iliwahi kuwa uwanja wa vita.

Lakini ng'ambo ya kivuko cha Likoni, pale Kilindini, ndipo Waingereza walipohamishia manowari zao mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo. Wajerumani nao walileta nyambizi, yaani meli za kivita ziendazo chini ya maji.

Mojawapo ni U-198. Mwaka 1943 ilizamisha meli saba. Aprili 1944 iliondoka Ufaransa, ikazunguka Afrika ya Kusini na kurudi tena katika bahari yetu.

Agosti 7, 1944, mashariki ya Dar es Salaam, iliizamisha Empire Day, meli ya mizigo ya Waingereza. Mabaharia waliingia mashuani. Mmoja wao akachukuliwa mateka, akateremshwa ndani ya nyambizi.

Msako ukaanza. Agosti 12, karibu na Shelisheli, Findhorn ya Uingereza na Godavari ya India ziliikuta na kuizamisha. Wajerumani wote 66 walikufa.

Na yule mateka? Alikuwa humo humo. Aliuawa na mabomu ya wenzake.

Mzazi, ukiwapeleka watoto Diani likizo ijayo, wasimulie kisa hiki. Wapo waliolala katika maji hayo wasio na kaburi, na vita havichagui wa kumuua.