Taifa Likijaribu Makombora, Je, Liadhibiwe?

Fungueni madaftari yenu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: kombora, jaribio, vikwazo. Kwanza tutayaeleza moja moja. Kisha tutauliza swali ambalo mataifa makubwa yameshindwa kulimaliza: taifa likijaribu makombora yake, je, mataifa mengine yana haki ya kuliadhibu?

Neno la kwanza ni kombora. Kombora ni chombo cha vita, kirefu kama bomba, chenye mafuta na mtambo nyuma, na mzigo wa kulipuka kichwani. Mafuta yakiwaka, moto hutoka nyuma kwa nguvu na kukisukuma chombo mbele. Kombora kubwa hupanda juu sana, mafuta yake huisha, kisha huendelea kwa kasi kama jiwe lililotupwa, mpaka liangukie mahali lilipokusudiwa.

Neno la pili ni jaribio. Fundi wa mitumbwi hawezi kujua kama mtumbwi wake unavuja mpaka autie majini. Fundi wa makombora naye ni hivyo hivyo. Kila anaporusha moja hujifunza, hata likianguka vibaya. Lakini jaribio lina kazi ya pili. Jirani hulitazama, akaogopa. Kwa hiyo jaribio ni kazi ya fundi, na pia ni kitisho.

Neno la tatu ni vikwazo. Kikwazo ni kitu kimzuiacho mtu njiani. Mataifa yakiliwekea taifa vikwazo, hukubaliana kutoliuzia vitu fulani, kutonunua mali yake, au kuzuia fedha zake. Wenye uwezo wa kuamuru vikwazo kwa dunia nzima ni Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Baraza hilo lina wajumbe 15. Watano kati yao ni wa kudumu: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Mmoja wa hao watano akisema hapana, shauri huanguka.

Sasa tutazame mfano wa kweli, nao ni Korea ya Kaskazini.

Mwezi wa Agosti 1998, Korea ya Kaskazini ilirusha roketi ikapita juu ya Japani. Wenyewe walisema walikuwa wakipeleka chombo angani. Wajapani waliona kwamba roketi iwezayo kupita juu ya nyumba zao inaweza pia kuangukia nyumba hizo. Mwezi wa Julai 2006, nchi hiyo ilirusha makombora saba kwa siku moja. Baraza la Usalama likaitaka iache, na likayaamuru mataifa yote yasiiuzie vifaa vya makombora. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, Korea ya Kaskazini ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia, na vikwazo vikaongezwa.

Mwaka 2017 mambo yalizidi. Mwezi wa Novemba lilirushwa kombora lililopanda kilomita 4,475 kwenda juu, likaanguka baharini kilomita 950 tu kutoka lilipotoka. Mbona lilipanda sana na kwenda karibu? Kwa sababu lilielekezwa juu. Wataalamu walikadiria kwamba, kama lingeelekezwa mbali, lingeweza kwenda kilomita 13,000 hivi. Mwaka huo Baraza la Usalama lilikataza Korea ya Kaskazini kuuza nje makaa ya mawe, chuma, samaki na nguo. Mafuta yaliyosafishwa yakapunguzwa yasizidi mapipa 500,000 kwa mwaka.

Wala jambo hili halikuishia huko mbali. Polisi wa Uganda walikuwa wakifundishwa na Wakorea wa Kaskazini. Mwezi wa Mei 2016, Serikali ya Uganda ilitangaza kwamba itaacha ushirikiano huo wa jeshi na polisi. Mnaona basi kwamba amri ya vikwazo hulifikia kila taifa lenye kiti katika Umoja wa Mataifa.

Je, wanaotaka adhabu wanasema nini? Wanasema hivi. Mvuvi aliye baharini na rubani aliye angani hawakugombana na mtu. Kombora likirushwa bila taarifa, maisha yao yamo hatarini. Mwaka 2002 mataifa mengi yalikubaliana mjini The Hague kutoa taarifa kabla ya kurusha. Korea ya Kaskazini haikujiunga. Tena, ilikuwa imetia sahihi mkataba wa kuzuia silaha za nyuklia, ikatangaza kujitoa mwaka 2003. Mtu akivunja ahadi na watu wakanyamaza, wa pili atavunja yake.

Wanaopinga nao wana maneno mazito. Hakuna sheria ya dunia nzima inayokataza kila taifa kujaribu makombora. Marekani imejaribu yake mara nyingi, kutoka California mpaka visiwa vya Marshall. India ilijaribu kombora la masafa marefu mwaka 2012, na Baraza la Usalama halikuiwekea vikwazo. Ni kweli kwamba India haikutia sahihi mkataba ule, kwa hiyo haikuuvunja. Lakini anayetazama kwa mbali husema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tena wanauliza, adhabu inamwangukia nani? Katika sheria, chakula na dawa havikukatazwa. Lakini vyombo vya chuma na mashine vilikatazwa. Hivyo watu wa misaada waliotaka kupeleka mabomba ya maji au vifaa vya hospitali walilazimika kuomba ruhusa na kungoja. Mwaka 2018 ilibidi utolewe mwongozo wa kuharakisha ruhusa hizo. Mgonjwa hakurusha kombora, lakini yeye ndiye aliyengoja.

Je, vikwazo vilizuia majaribio? Angalieni tarehe. Baada ya Novemba 2017 majaribio ya makombora yalisimama, na mwaka 2018 viongozi walikutana kuzungumza. Mwezi wa Februari 2019 mazungumzo ya Hanoi yalivunjika. Hawakukubaliana ni vikwazo vipi viondolewe, na ni silaha zipi zitolewe. Mwezi wa Mei majaribio yakaanza tena. Mwaka 2022 lililetwa shauri la kuongeza vikwazo. Wajumbe 13 walikubali, Urusi na China zikakataa, shauri likaanguka.

Basi tuseme nini? Taifa linalorusha makombora juu ya vichwa vya jirani linaweza kuadhibiwa kwa haki. Lakini adhabu iwe na mambo matatu. Kwanza, sheria iwe moja kwa mkubwa na mdogo: toa taarifa, wala usirushe juu ya watu. Pili, imzuie fundi wa kombora, isimzuie mganga na mkulima. Tatu, mwenye kuadhibiwa ajue wazi akifanya nini atafunguliwa mlango. Faini isiyo na mwisho haimrudishi mtu barazani. Humfanya atafute njia ya kuishi bila baraza.

Sasa zungumzeni darasani, kisha kila mmoja aandike majibu yake:

1. Kwa nini jaribio la kombora ni kazi ya fundi na pia ni kitisho?
2. Ni vitu gani Korea ya Kaskazini ilikatazwa kuuza nje mwaka 2017?
3. Kama wewe ungekuwa mjumbe katika Baraza la Usalama mwaka 2022, ungepiga kura gani? Toa sababu mbili.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.